Cheo cha Jeshi Kama Deni la Taifa: Mtazamo Kutoka Paya

Kila jeshi lina njia mbili kuu za kumwonyesha askari kwamba kazi yake imeonekana na imethaminiwa. Ya kwanza ni cheo, yaani daraja la mamlaka linalompa haki ya kuwaamuru wengine, mshahara unaopanda pamoja na daraja hilo na, atakapostaafu, kiinua mgongo kinacholingana na tepe au nyota alizokuwa akivaa. Ya pili ni nishani, yaani alama ya heshima anayovishwa kifuani kwa tendo la ushujaa au kwa utumishi uliotukuka, ambayo haimpi amri juu ya mtu yeyote lakini huendelea kumsemea hata baada ya yeye kuzikwa. Imezoeleka kwamba mambo haya mawili ni shughuli za ndani ya kambi, na raia anayeuliza kwa nini fulani amepandishwa na fulani ameachwa huambiwa kwamba anaingilia siri za ulinzi. Historia ya mpaka wa Uganda na Kenya, hasa upande wa Tororo na Busia, inaonyesha kwamba msimamo huo una kosa kubwa, kwa sababu hapa dhuluma katika kugawa vyeo imekuwa ikivuka lango la kambi na kuwafikia wakulima ambao hawajawahi kushika bunduki.

Kata ya Paya iko Budama Magharibi, katika wilaya ya Tororo, nchi ya Jopadhola, watu wa jamii ya Waluo wanaolima mtama, wimbi na muhogo, na ambao ujamaa na biashara zao hazikuishia kwenye mstari uliochorwa na wakoloni. Barabara kuu zitokazo Mombasa huingia Uganda kwa Malaba na Busia, reli nayo hupita Malaba na Tororo, na kambi ya jeshi ya Rubongi iko kando ya mji wa Tororo. Kwa hiyo jeshi lolote linalopanda kwenda Kampala au linaloshuka likikimbia hulijua eneo hili. Mwezi Machi 1979, wapiganaji waliomuunga mkono Milton Obote walivuka kutoka Kenya na kushambulia Tororo, sehemu ya askari wa kambi ya mji huo wakaasi na kujiunga nao, na baada ya siku chache majeshi ya Idi Amin yakawashinda wote. Katika nusu ya pili ya mwaka 1987, jeshi la Alice Lakwena lilipita Tororo likielekea Jinja. Mwezi Desemba mwaka huohuo, askari wa Uganda na polisi wa Kenya walirushiana risasi mpakani Busia kwa siku kadhaa, mpaka ukafungwa, na ikabidi Rais Daniel arap Moi na Rais Yoweri Museveni wakutane Malaba kuutuliza mgogoro huo. Mtu wa Paya haalikwi kwenye kikao kinachopandisha vyeo, lakini matokeo ya kikao hicho yamemfikia mara nyingi kiasi kwamba ana haki kamili ya kuuliza kinaendeshwaje.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba cheo na nishani ni deni ambalo taifa linadaiwa na askari wake, deni linalopimwa kwa vigezo vinavyojulikana na kulipwa kwa yeyote anayelistahili, awe ametoka kijiji gani. Pale vinapogeuzwa kuwa zawadi ya mtawala, utii wa askari humfuata mtoaji wa zawadi, na Katiba hubaki bila mlinzi. Vigezo vyenyewe si fumbo. Kuna utangulizi, maana yake nani alianza kushika cheo kilichopo na amekitumikia kwa muda gani. Kuna ustahili, maana yake mafunzo, nidhamu na matendo yaliyothibitishwa. Kuna mahitaji, maana yake nafasi iliyo wazi ambayo jeshi linalazimika kuijaza. Na katika nchi zenye makabila mengi kuna uwiano, maana yake uongozi wa jeshi kufanana na sura ya wananchi wote. Vigezo hivi hugongana, na kiongozi mwadilifu hulazimika kuchagua kipi kitangulie. Dhuluma huanza pale anapochagua kwa kigezo ambacho hawezi kukitaja hadharani.

Majeshi ya Afrika Mashariki yalirithi dhuluma ya aina hiyo tangu kuzaliwa kwake. King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902 na ambalo wengi hulijua kwa herufi za KAR, liliendeshwa kwa kanuni kwamba Mwafrika anaweza kuwa askari hodari, koplo na sajenti, lakini si ofisa mwenye kamisheni, yaani mwenye hati ya mkuu wa nchi inayompa mamlaka ya kuongoza kwa jina la dola. Hata nishani zilitengwa: kwa muda mrefu medali ya ushujaa ambayo askari wa KAR angeweza kupewa ilikuwa toleo la pekee lililotengenezwa kwa ajili ya majeshi ya Afrika, na katika vita vikuu viwili vya dunia hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyevishwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Mwanajeshi wa KAR aliyetunukiwa nishani hiyo katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Sajenti Nigel Leakey, mwana wa familia ya walowezi wa Kenya, aliyeuawa Colito nchini Ethiopia mwezi Mei 1941 baada ya kukabiliana na vifaru kwa mikono yake. Ushujaa wake haupingwi na mtu yeyote. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama miongoni mwa maelfu ya Waafrika waliopigana Ethiopia, Madagaska na Burma hakukuwa hata mmoja aliyefanya tendo la kiwango hicho, au kama tatizo lilikuwa kwamba nishani haiji mpaka ofisa aandike maelezo ya sifa na kuyapeleka juu, na ofisa huyo alikuwa Mzungu mwenye mawazo ya zama zake.

Malipo ya baada ya vita yalifuata mkondo uleule. Mwaka 2019 waandishi wa habari walitangaza nyaraka za serikali ya Uingereza zilizoonyesha kwamba kiinua mgongo cha waliopigana Vita vya Pili vya Dunia kilikokotolewa kwa kuangalia cheo, muda wa utumishi na rangi ya ngozi, hata mweupe akaweza kulipwa mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa deni la taifa kulipwa kwa kigezo ambacho hakina uhusiano wowote na kazi iliyofanywa.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, Waingereza walianzisha cheo cha efendi, daraja lililowekwa katikati ya sajenti meja na luteni, ili Mwafrika apande bila kufikia meza ya maofisa Wazungu. Idi Amin alikipata cheo hicho mwaka 1959, na mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupewa kamisheni kamili, mwaka mmoja tu kabla ya Uhuru. Haraka hiyo ya dakika za mwisho ilikuwa na gharama. Jeshi lililozuia watu kupanda kwa miaka sitini lilijikuta halina maofisa wazalendo waliofundishwa, na mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi kwa kufuatana ndani ya wiki moja, kambi ya Colito ya Dar es Salaam tarehe 20, Jinja tarehe 23 na Lanet tarehe 24, wakidai mishahara bora na wengine wakidai maofisa wa Kiingereza waondoke. Tanganyika ililivunja jeshi lake na kuanza upya. Uganda ilipandisha mishahara kwa kiwango kikubwa na kuharakisha vyeo, na katika pengo hilo ndimo Amin alimopanda.

Safari ya Amin inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa inaonyesha jinsi kosa moja la kimaadili linavyozaa mengine. Mwaka 1962, kabla ya Uhuru, kikosi alichokiongoza kilihusishwa na mauaji ya wafugaji wa Turkana kaskazini mwa Kenya, na Gavana Walter Coutts akatafuta ushauri wa Waziri Mkuu Obote kuhusu kumshitaki. Obote alishauri asifikishwe mahakamani, kwani kumshitaki mmoja wa maofisa wawili pekee wa Kiafrika karibu na siku ya Uhuru kungeonekana vibaya. Adhabu ikawa karipio. Kufikia mwaka 1964 mtu huyo alikuwa naibu mkuu wa jeshi, na mwaka 1966, Opolot alipoondolewa, akawa mkuu wa jeshi lote. Waliomlinda hawakumpandisha kwa sababu walimwona bora kuliko wengine. Walimpandisha kwa sababu alikuwa na deni kwao, na walidhani mwenye deni hataasi. Aliasi Januari 25, 1971. Katika miezi iliyofuata, askari wengi wa makabila ya Acholi na Lango, la pili likiwa kabila la Obote, waliuawa kambini na vyeo vyao vikagawiwa upya, masajenti wakirushwa kuwa maofisa kwa sababu walikuwa upande wa mapinduzi. Mwaka 1975 Amin alijipa cheo cha Fildimarshali na kujivisha nishani alizojibunia mwenyewe, moja ikiwa imefanana kwa herufi na Msalaba wa Victoria, na kwa miaka mingi alijigamba kwamba alipigana Burma, ingawa aliingia KAR mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha.

Wako wanaosimulia nishani za Amin kwa kicheko, na kicheko hicho kinafunika jambo zito. Kila utepe wa uongo kifuani mwa mkuu wa nchi uliwafuta watu wawili: askari aliyepigana kweli Burma na kurudi bila kitu, na ofisa mnyoofu aliyeona kwamba njia ya juu haipiti tena kwenye kazi. Jopadhola wana kumbukumbu yao ya pekee ya mwisho wa njia hiyo. Charles Oboth-Ofumbi, mwana wa Padhola aliyekuwa ofisa mwandamizi katika Wizara ya Ulinzi na baadaye waziri, aliuawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Erinayo Oryema, na serikali ikatangaza kwamba walikufa kwa ajali ya gari. Aliyekuwa karibu na meza ya mamlaka hakusalimika kwa kuwa karibu, na hili ni jambo ambalo kila ofisa anayetegemea upendeleo angepaswa kulitafakari.

Mfano ulio mzito zaidi kwa watu wa mpaka, hata hivyo, ni wa mwaka 1984 na 1985, kwa sababu pale uteuzi mmoja ulichangia kuiangusha serikali. Mnamo Desemba 1983, Mnadhimu Mkuu wa jeshi la Uganda, Meja Jenerali David Oyite-Ojok, mtu wa Lango kama Obote, alikufa katika ajali ya helikopta. Jeshi hilo, lililoitwa UNLA, lilikuwa na Waacholi wengi katika safu za mbele, nao ndio waliokuwa wakifa kwa wingi katika vita vya Luwero dhidi ya waasi wa Museveni. Nafasi ilikaa wazi kwa miezi mingi. Kwa utangulizi, macho ya wengi yalimwelekea Brigedia Bazilio Olara-Okello, Mwacholi aliyekuwa na historia ndefu vitani. Obote alimteua Smith Opon Acak, mtu wa Lango mwenzake, ambaye maofisa wengi walimhesabu kuwa mdogo kwao.

Inawezekana Obote alikuwa na sababu nzuri. Inawezekana alimwona Opon Acak kuwa na elimu ya kijeshi inayofaa zaidi, au alihofia kwamba Olara-Okello angeleta mgawanyiko mwingine. Hakuna sababu iliyotolewa kwa namna ambayo askari wa kawaida wangeweza kuipima, na mahali penye ukimya askari hujaza sababu yake mwenyewe, ambayo katika jeshi lililoumizwa na ukabila tangu mwaka 1971 ilikuwa moja tu. Tarehe 27 Julai 1985 Olara-Okello aliongoza askari kuingia Kampala, Obote akakimbilia Kenya, na Jenerali Tito Okello, mzee aliyeanza kazi katika KAR, akawa mkuu wa nchi. Serikali yao haikudumu. Jeshi lililogawanyika halikuweza kuzuia NRA, jeshi la Museveni, lililoiteka Kampala tarehe 26 Januari 1986. Askari wa UNLA walitawanyika kuelekea kaskazini na mashariki, baadhi yao wakaunda upya vikundi vya kupigana, na wengine wakamfuata Alice Lakwena, ambaye jeshi lake ndilo lililopita Tororo mwaka 1987 kabla ya kushindwa karibu na Jinja, na mwenyewe akavuka kwenda Kenya. Mnyororo huu una sababu nyingi, na mwanahistoria makini hatasema kwamba uteuzi mmoja ulileta yote. Lakini kiungo kimojawapo kilikuwa cheo kilichotolewa bila maelezo, na wakulima wa Budama walikuwa mwisho wa mnyororo.

Waliotunga Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 waliijua historia hii vizuri. Ibara ya 208 inataka jeshi, ambalo sasa ni UPDF, liwe la kitaifa, lisilofungamana na chama, lenye weledi na nidhamu, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 210 inalipa Bunge kazi ya kutunga sheria za kuandikisha, kuteua, kupandisha vyeo na kuondoa askari, na ya kuhakikisha kwamba waandikishwa wanatoka katika kila wilaya. Maneno haya ni mazuri, nayo yamefanya kazi kwenye lango la kuingilia, kwa kuwa kijana wa Tororo ana nafasi yake katika zoezi la kuandikisha. Hayasemi kitu kuhusu ngazi za juu: wilaya inahesabiwa mtu anapoingia jeshini, na hakuna anayelazimika kuihesabu anapopanda. Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, ilikwenda mbali zaidi, kwani Ibara ya 241 inaagiza kwamba muundo wa uongozi wa juu wa majeshi uakisi mikoa na makabila ya nchi.

Upungufu wa upande wa Uganda ulionekana na Afrika Mashariki nzima mwezi Oktoba 2022. Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni, ambaye aliingia jeshini mwaka 1999, akahitimu Sandhurst, chuo cha maofisa cha Uingereza, mwaka 2000, na kupanda hadi kuwa Luteni Jenerali mwaka 2019 na kamanda wa majeshi ya nchi kavu, aliandika kwenye mtandao wa kijamii kwamba yeye na jeshi lake hawangehitaji hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Watu wanaoishi Busia na Malaba, ambako mama anaweza kuvuka mpaka asubuhi kwenda kuuza ndizi na kurudi jioni, hawakuwa na anasa ya kuyachukulia maneno hayo kama mzaha. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kwamba ameondolewa kwenye ukamanda wa nchi kavu, na katika tangazo hilohilo akapandishwa kuwa Jenerali kamili, cheo cha juu kabisa jeshini. Rais aliwaomba radhi Wakenya na kueleza kwamba mwanawe amekosea katika jambo hilo, ila ana mchango mwingine mwema unaostahili kutiwa moyo. Mwezi Machi 2024 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi.

Ni haki kukiri kwamba ofisa huyu ana mafunzo ambayo wengi hawana, na kwamba kuzaliwa na rais si kosa la mtu. Lakini maadili ya vyeo hayamtazami mpandaji peke yake. Yanamtazama pia koplo anayesoma tangazo kambini. Koplo huyo amefundishwa kwamba neno la utovu wa nidhamu linaweza kumnyang'anya tepe alizozitafuta kwa miaka kumi. Anapoona kwamba neno lililotishia vita na nchi jirani limefuatwa na nyota ya ziada, anajifunza kanuni halisi ya jeshi lake, na kanuni hiyo haimo katika Katiba. Tangu mwaka 2013, Jenerali David Sejusa alipodai katika barua kwamba kuna mpango wa kumwandaa mtoto wa Rais kurithi madaraka, na gazeti la Daily Monitor lililoiandika habari hiyo likafungwa kwa siku kadhaa, swali la urithi huo limekuwa likiulizwa kwa sauti ya chini. Kuwafungia waliouliza hakujalijibu.

Upande wa pili wa mpaka kuna mfano unaotia moyo na kuonya kwa pamoja. Jenerali Francis Ogolla, mzaliwa wa Siaya, alikuwa miongoni mwa maofisa wa serikali waliofika ukumbi wa Bomas Agosti 2022, siku matokeo ya urais yalipotangazwa, na mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alidai kwamba walikwenda kushinikiza matokeo yabadilishwe. Rais William Ruto, mshindi wa uchaguzi huo, alimteua Ogolla kuwa Mkuu wa Majeshi mwezi Aprili 2023, na baadaye alisema hadharani kwamba alifanya hivyo kinyume na ushauri wa wengi, kwa sababu alipotazama wasifu wake alimwona ndiye aliyestahili. Ogolla alikufa katika ajali ya helikopta Aprili 18, 2024. Uteuzi wake ulikuwa wa haki, na Rais aliyeutoa alistahili sifa. Hata hivyo, haki ambayo ilitegemea moyo wa mtu mmoja kukishinda kinyongo siku moja inaweza kukosekana siku nyingine, na jeshi halipaswi kuishi kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Kuhusu nishani, Uganda ina sheria ya mwaka 2001 iliyoweka tuzo za taifa, na majina ya kadhaa kati ya tuzo za kijeshi yanasimulia vita vya aina moja: Katonga ni mto ambako NRA ilipigana ikielekea kuiteka Kampala, na Luwero ni eneo la vita vya msituni vya mwaka 1981 hadi 1986. Waliopigana vita hivyo walijitoa mhanga, na kuwakumbuka ni wajibu. Lakini nishani za taifa zikijengwa juu ya safari ya kundi moja kuelekea madarakani, askari aliyezaliwa Paya baada ya mwaka 1986, aliyepelekwa Somalia ambako Uganda ilituma askari wake wa kwanza Machi 2007, anahudumu chini ya kumbukumbu ambayo si yake wala ya wazazi wake. Tarehe 26 Mei 2023, wapiganaji wa al-Shabaab walivamia kambi ya Waganda ya Buulo Mareer, na Rais Museveni alitangaza kwamba askari 54 waliuawa. Vita vya Somalia ni vya kizazi cha sasa, vimepiganwa na vijana kutoka kila wilaya, na vinastahili nafasi ya mbele katika heshima za taifa.

Kuna deni la zamani zaidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwachukua Waafrika wa Mashariki kwa mamia ya maelfu kuwa wapagazi, watu waliobeba risasi na vyakula vya jeshi kwa vichwa vyao hadi Msumbiji, wengi wakifa kwa kuhara, malaria na njaa. Nairobi ina sanamu za shaba za ukumbusho, mojawapo ikiwa ya mpagazi, na Dar es Salaam ina sanamu ya Askari ya mwaka 1927, lakini sanamu hizo hazina majina ya watu. Ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba mawazo ya ubaguzi ya wakati huo yalichangia. Jambo hili lina somo la kiutendaji: dhuluma ya heshima inaweza kuchunguzwa hata baada ya miaka mia moja. Marekani ilifanya hivyo mapema zaidi, pale uchunguzi ulipoonyesha kwamba hakuna askari mweusi aliyepewa Nishani ya Heshima katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwezi Januari 1997 Rais Bill Clinton akawatunuku saba, mmoja wao, Vernon Baker, akiwa bado hai kuipokea kwa mkono wake. Uingereza yenyewe, mwaka 1993, iliondoa utaratibu wa zamani uliowapa maofisa msalaba na askari wa kawaida medali kwa ushujaa wa aina moja.

Wanaopinga uwazi katika vyeo wana hoja mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni siri: kueleza sababu za kumpandisha ofisa kunaweza kufichua operesheni. Hoja hii ina ukweli kwa maofisa wachache wa ujasusi, na kwao maelezo yanaweza kuwekwa mbele ya kamati ya Bunge inayokaa faragha. Haiwezi kuhalalisha ukimya juu ya maelfu ya wengine, na Februari 2019 peke yake Uganda ilipandisha maofisa zaidi ya 2,000 kwa mkupuo mmoja. Hoja ya pili ni uaminifu: Amiri Jeshi Mkuu anahitaji watu anaowaamini, hasa katika nchi iliyopinduliwa mara kwa mara. Historia iliyosimuliwa hapa inaijibu vya kutosha. Amin alipandishwa kwa sababu aliaminiwa, na Opon Acak aliteuliwa kwa sababu aliaminiwa, na serikali zote mbili zilizowaamini zilianguka.

Mahali ambapo haki inahitaji kusimamiwa kwanza ni chini kabisa, mapema sana kabla ya nyota kuonekana. Ofisa hapandi bila kozi, na kozi haiendwi bila kuteuliwa. Nani anapelekwa chuo cha makamanda cha Kimaka pale Jinja, nani anapelekwa ng'ambo na nani anaambiwa asubiri mwaka ujao, huamuliwa katika ofisi ndogo ambako hakuna anayeandika sababu. Luteni aliyesahaulika mara tatu kwenye orodha ya kozi ataonekana, miaka kumi baadaye, hana sifa ya kuwa kanali, na bodi itamkataa kwa haki kamili ya makaratasi. Kwa hiyo orodha za kozi zingetakiwa kubandikwa kambini pamoja na alama za mtihani na tarehe za utangulizi, na takwimu za wilaya zinazokusanywa wakati wa kuandikisha zikusanywe pia katika kila daraja kuanzia meja kwenda juu na kupelekwa Bungeni kila mwaka.

Lililo kubwa zaidi ni rufaa. Askari anayeona amerukwa na wadogo zake anapaswa kuwa na mahali pa kupeleka malalamiko nje ya mstari wa amri uleule uliomruka, kwa mfano jopo lenye jaji mstaafu, ofisa mstaafu na mjumbe wa kiraia, lenye uwezo wa kuitisha faili na kudai sababu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, bila malalamiko hayo kuhesabiwa kuwa utovu wa nidhamu. Jopo kama hilo haliondoi mamlaka ya Rais ya kusaini. Linamlazimu tu anayependekeza awe na sababu inayoweza kusomwa na mtu mwingine. Lingeweza kupewa kazi ya pili ya kupokea madai ya nishani kutoka kwa familia, yakiwemo ya walioasi na kupigana Tororo mwaka 1979 dhidi ya Amin, ambao mashahidi wao wazee wamo bado Rubongi, Nagongera na Paya, na kuyaamua wakati mashahidi hao wanaweza kuitwa mbele yake na kuulizwa.